Nusu saa ya bosi

Shoga, acha unachofanya unisikilize. Niko kwenye ngazi za zahanati nacheka peke yangu kama mwehu.

Unakumbuka bosi alivyonifokea mwezi uliopita mbele ya ofisi nzima? Nilimwambia umbali wa kutoka vijijini hadi zahanati haupimwi kwa rula juu ya ramani, pale katikati kuna mto na daraja hakuna. Akanijibu, "Kazi yako ni kupima, siyo kufikiri." Siyo kufikiri. Mimi.

Basi leo kaja mama mwenyekiti wa kamati kukagua mpango wa mkoa, ule wa miaka ishirini. Bosi kasimama kifua mbele, eti lengo la zahanati tumelifikia kabla ya wakati: kutoka kijiji chochote unafika kwa miguu ndani ya nusu saa.

Nikanyoosha mkono, nimetulia kama maji mtungini. "Kama ni nusu saa tu, si twende tukatembee?"

Mama akasema twendeni.

Gari likatushusha kijiji cha ng'ambo ya mto, nikawasha saa ya simu. Dakika ya thelathini mama akamuuliza, "Tumefika?" Ya sitini akamuuliza tena. Ya tisini hakuuliza, alitoa daftari akaandika.

Hadi zahanati, saa moja na dakika hamsini, shoga. Bosi kaingia wa mwisho, viatu mkononi, soksi matope matupu. Kaninong'oneza niandike dakika thelathini.

Nikamjibu kwa sauti, mama asikie: "Bosi, kazi yangu ni kupima."