Mpwa Wangu Anakokotoa Kemia kwa Vipimo vya Zege

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie upesi maana mtihani ni Jumatatu na usingizi umenihama. Mimi ni fundi mwashi, mtaani wananiita Injinia, na si kwamba najisifu, lakini zege nikilimimina mimi hata nyundo hulipigia hodi kwanza. Kuna ngazi niliijenga, lori likarudi kinyumenyume likaigonga, kilichopelekwa gereji ni lori. Sasa juzi nilimkuta mpwa wangu, binti wa dada yangu, mezani kwao anahangaika na mazoezi ya kemia, yale ya kuuliza ukichoma magnesiamu gramu kadhaa utapata oksidi gramu ngapi, na mimi shule niliiacha kabla kemia haijafika zamu yake, lakini dada alikuwa anasikiliza, na mtu mzima ataanzaje kusema hajui?

Basi nikautazama ule mlinganyo, nikaona mbele ya magnesiamu kuna mbili, oksijeni haina kitu, yaani moja, oksidi nayo mbili, nikasema kumbe ni zege tu hili, sementi ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, namba ya mbele ndiyo kipimo, kwa hiyo gramu mbili za magnesiamu kwa gramu moja ya oksijeni zinatoa oksidi gramu mbili, na magnesiamu gramu ishirini na nne itatoa oksidi ishirini na nne. Mtoto ana akili, akaniuliza, "Mjomba, gramu za oksijeni zimekwenda wapi?" Nikakohoa, nikamwambia mchanganyiko wowote hushuka, ndoo saba za zege hazitoki saba, na kwamba mimi nimefundisha hata mainjinia.

Mwalimu alimkosesha zoezi zima, na badala ya kusahihisha, mtoto akasimama akamwambia mwalimu kwamba mjomba wake amefundisha mainjinia, darasa likacheka, yeye akakaza. Dada anasema amegoma kufanya masahihisho, Jumatatu atajibu kwa njia yangu, na akianguka anaondolewa kwenye masomo ya sayansi, naye anataka kuwa mfamasia. Nimefikiria nimwambie kwamba wizara imebadilisha vipimo wiki hii, yaani njia yangu ilikuwa sahihi ila imepitwa na wakati. Je, hilo litapita, heshima yangu ibaki?

Injinia Mwenye Mashaka

Ndugu Injinia,

Halitapita. Pole kwa kukosa usingizi, lakini ukuta umeujenga umepinda, sasa unataka kuupiga lipu. Huruma yangu kubwa naiweka kwa binti aliyechekwa na darasa zima kwa ajili yako.

Namba za mbele zinahesabu chembe, hazipimi uzito. Wewe ukifunga mlango kwa bawaba tatu, unapima kilo tatu za bawaba kwa kilo moja ya mlango? Unahesabu vipande, na kila kipande kina uzito wake. Ndiyo maana wanafunzi hugeuza gramu kuwa moli, yaani hesabu ya chembe, wakalinganisha, kisha wakarudi kwenye gramu. Moli moja ya magnesiamu ni gramu ishirini na nne, inachukua oksijeni gramu kumi na sita, oksidi inatoka gramu arobaini. Hakuna gramu iliyopotea. Mpwa wako alikuuliza swali la kisayansi, wewe ukamjibu kwa kikohozi.

Nenda leo hii ukitoka kazini, na dada yako awepo, maana ulijigamba mbele yake. Mwambie binti: "Mwalimu yuko sahihi. Mimi sikusoma kemia, nilibuni." Ni hayo tu, usianze na habari za lori. Kisha kaa kwenye kiti cha mwanafunzi, yeye afanye masahihisho huku akikueleza kila hatua, kwa sababu akikosa kwa kutojua atajifunza, lakini akikosa kwa kukutetea wewe, hakuna mwalimu wa kumsahihisha. Atakucheka, na ana haki. Vumilia, halafu mwombe akupe swali linalofuata.