Namba Nyeupe Nyuma ya Monita

Jumatatu, 5 Novemba 2001

Kompyuta imenigomea tena. Maandishi meupe kwenye weusi yanatoka vizuri tu. Nikiitaka picha, yaani madirisha na kile kimshale, monita inapiga mluzi na kuzimika. Asubuhi nzima ndiyo kazi niliyofanya.

Mpaka Ijumaa ilikuwa nzima. Yule kijana Mzungu wa kujitolea alituwekea Linux, mfumo wa kuiendesha kompyuta, na kuipanga ifuate monita iliyokuja nayo, kisha akarudi kwao. Jumamosi Mkuu wa ofisi kaipakia monita ile kwenye gari, kaenda nayo kwake mtaa wa Uzunguni. Eti atafanyia kazi za ofisi nyumbani. Boksi la kompyuta kaliacha hapa. Atafanyia kazi gani kwenye kioo kitupu? Mimi nimetolewa monita nyingine stoo, kuukuu, nzito kama gunia la karanga.

Jumatano ya wiki ijayo inakuja kamati ya kupunguza wafanyakazi. Mkuu alishatamka kikaoni: mchapaji atakayeonekana anaitumia kompyuta atabaki, wengine washike njia. Nagonga taipureta ofisi hii tangu mwanangu Neema hajazaliwa. Sitaki kurudi kijijini Kibakwe kulima maharage. Sitaki.

Jumanne, 6 Novemba

Nimebadilisha draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha. Wapi! Mluzi uleule.

Nimesoma upya maelekezo aliyoniachia kijana. Kumbe kompyuta inatuma picha kwa kasi ya monita ile ya kwanza, na hii kuukuu haiiwezi. Lazima niandike kasi zake kwenye faili la mipangilio ndani ya kompyuta. Zimeandikwa kwenye kibati cha nyuma. Nisikisie, kasema, nikikosea monita itaungua.

Nikaigeuza. Rangi nyeupe! Mzee Ndahani wa stoo kapaka namba ya mali ya serikali juu ya kibati chenyewe. Mgongo wote ule upo wazi, yeye kapachagua palepale.

Nikamfuata, shikamoo na heshima zote. Anasema kwingine kuna matundu, rangi haikai, pale pamelala vizuri. Huyu mzee kila kitu anakipaka namba, hata kikapu cha taka. Nikamwomba nikwangue kidogo. "Mwanangu, namba ya serikali haikwanguliwi. Lete kibali."

Jumatano, 7 Novemba

Nimeandika dokezo kwa Mkuu kuomba kibali cha kukwangua rangi. Nimelichapa kwa taipureta. Upepo na vumbi kutwa, meza imekuwa nyekundu.

Ijumaa, 9 Novemba

Faili la dokezo limerudi. Mkuu kaandika: "Mtunza stoo ashauri." Chini yake Mzee Ndahani: "Naomba maelekezo ya Mkuu." Basi. Wanarushiana kama mpira wa makaratasi, na mimi ndiye goli.

Nina hasira mpaka ugali wa mchana umenishinda. Nikaingia kwa Mkuu mwenyewe, nikamwomba arudishe ile monita ya kwanza walau kwa siku moja ya kamati. Hakuinua hata kichwa. "Mama Neema, tumia ulichopewa." Mungu anamwona.

Jumapili, 11 Novemba

Nimetoka kanisani, nimekata kucha. Hukata kila Jumapili, mpaka kwenye nyama. Mchapaji mwenye kucha ni pambo.

Jioni nilikaa kwa Mwajuma, jirani yangu mwenye saluni. Alikuwa anamfuta bibi harusi mmoja rangi ya kucha, haikuoana na gauni. Pamba, chupa ndogo ya dawa ya kufutia, anapitisha mara moja tu, wekundu wote umeondoka.

Nikamwomba chupa. Akaangua kicheko. "Mama Neema! Umepata mchumba nini?" Nikamwambia ndiyo, yupo ofisini, ana kioo usoni na hataki kunitazama. Tukacheka wote. Sijacheka hivyo wiki nzima.

Jumatatu, 12 Novemba

Nimeifuta ile rangi kwa dawa ya Mwajuma. Pamba ikawa nyeupe, kibati kikatoka kinang'aa, na kasi zote mbili zinasomeka. Nikaziandika kwenye faili. Nikaiita picha huku nimefumba macho. Hakuna mluzi. Nilipofumbua, madirisha yote yapo na kimshale kinanisubiri.

Nililia. Nani wa kunicheka, nilikuwa peke yangu.

Nikamwita Mzee Ndahani aone, nikamwomba aipake namba upya ubavuni. Alikiangalia kile kibati muda mrefu. Akaondoka bila kuaga.

Jumatano, 14 Novemba

Kamati imekuja. Nimechapa barua mbele yao, wote wamesogeza viti. Mmoja kasema hongera mama.

Ndipo Mkuu akatoa taarifa ya Mzee Ndahani. Monita haina namba. Nani kafuta? Nikasema mimi, nikaeleza kibati, kasi, dokezo, kila kitu. Walinisikiliza kwa adabu kabisa. Kisha mwenyekiti akasema kufuta namba ya mali ya serikali ni kosa, sababu iwe yoyote.

Nikawauliza, na monita iliyopo Uzunguni nyumbani kwa Mkuu?

"Ile ina namba," akajibu Mkuu.

Wakageuza ukurasa.

Jina langu lipo kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Kompyuta, nzima kabisa, imezimwa na kufungiwa stoo mpaka ipangiwe namba mpya. Ama kweli shukrani ya punda ni mateke. Nawachukia. Hata huyu mzee niliyemwamkia kila asubuhi, namchukia.

Jumanne, 27 Novemba

Mkuu yuko likizo, ikabidi nifuate saini yake ya makabidhiano nyumbani Uzunguni. Mkewe kanikaribisha vizuri, kaniletea soda.

Monita ipo sebuleni, juu ya kabati. Imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake chombo chenye maua ya plastiki. Waya umekunjwa na kufungwa raba, vilevile nilivyoufunga mimi Jumamosi ile ilipopakiwa.

"Imependezesha sebule, eeh?" mama akaniuliza. Nikasema imependeza. Nikachukua saini yangu nikaondoka. Soda sikuimaliza.

Jumapili, 9 Desemba

Mvua imenyesha alfajiri, vumbi limelala. Neema atabaki kwa Mwajuma amalize shule. Mimi naondoka kwenda Kibakwe baada ya Krismasi, kaka ameshanitengea shamba.

Nimemrudishia Mwajuma chupa yake. Ilibaki nusu.

Nimetoka kanisani, nikakaa kizingitini na kiwembe kama kawaida. Kucha zimeanza kuchomoza. Nikazitazama kwa muda. Nikakirudisha kiwembe kabatini.