Jina Lako Juu ya Grafu

Mama yangu,

Nimechoka. Nakuambia wewe kwa sababu kila ninayemwambia huku ananijibu nikalale, na hilo wewe hukuwa ukimwambia mtu.

Unakumbuka ulipokuja ofisini kwetu Jadida, buibui lako lina chumvi mpaka magotini, ukataka kuona ni kazi gani hiyo inayonizuia kuja Shumba kukusaidia kufunga mwani? Nikakufungulia grafu za mashamba ya mwani ya pwani yetu: joto la maji, chumvi, mwendo wa maji, uzito wa mavuno, kila kipimo na grafu yake. Hazikuwa na maandishi. Ukavaa miwani, ukatazama weee, ukasema, "Mwanangu, zote zafanana. Mie n'tajuaje ipi yangu?" Nilicheka, lakini moyoni nilikasirika kidogo, maana ulisema kweli.

Tukakaa pamoja. Nikaipa kompyuta amri ipitie kipimo kimoja baada ya kingine, ichore, kisha iandike yenyewe juu ya kila grafu jina la kipimo na jina la mwenye shamba. Zikatoka zote kwa mpigo, na zako zote zimeandikwa jina lako, Bi Time. Ukazisoma kwa sauti, bila haraka. Kisha ukataka chai.

Sasa shamba lako analo mdogo wako, mama mdogo Raya. Tangu tulipomaliza hitima yako, maji yakitoka yeye ndiye anayeshuka kufunga mbegu kwenye kamba zako. Na unajua desturi yetu: shamba huitwa kwa jina la anayefunga mbegu, hata kama vigingi alivipigilia mwengine. Pwani nzima sasa wanasema kwa Raya. Nimebaki mimi peke yangu ninayekuita, humu kwenye kompyuta.

Mama mdogo hakunigombeza. Alinipigia simu tu, akasema, "Mwanangu, wagawa kamba za maji makubwa wiki hii, na watazama majina kwenye hizo karatasi zako. Mie simo." Halafu akaniuliza kama nimekula. Kamba hizo za kufungia mwani kwenye kina kirefu anazihitaji, mama. Maji ya karibu yamekuwa moto, mwani unageuka mweupe na kukatika.

Jina lenyewe limo sehemu moja tu. Nilipanga hivyo siku ile ili kazi iwe nyepesi: ukibadilisha pale, grafu zote zinafuata. Nimekuwa nikipakwepa. Nabadilisha rangi, nakuza herufi, najitia nina shughuli. Laiti ningekuwa nimeliandika kwa mkono kwenye kila grafu, ningekufuta polepole.

Leo asubuhi nimeandika Bi Raya. Nimebonyeza mara moja, na hukuwepo tena hata kwenye moja. Nikazituma. Nikampigia mama mdogo kumwambia kwamba yumo. Akalia yeye; mimi nikashindwa.

Mungu akulaze pema, mama. Leo nakwenda kulala.

Mimi, kifungua mimba wako