Chumba cha Mama Boay

Karatu, Jumapili, Julai 1984

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na sasa ni saa tisa mchana. Karatu mwezi huu ina baridi ya kukera, ile inayoingia kwenye viatu na kukataa kutoka. Nimevaa makoti mawili na bado naisikia.

Nina aibu, shajara. Nianze na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa nafasi najitetea vizuri sana.

Niliingia mji huu Jumatatu kwa uhamisho niliouomba mwenyewe. Kwa miaka mitatu nilikuwa bwana mifugo Malambo, na mwezi uliopita mtoto wetu wa kwanza alifariki kule kwa homa. Alikuwa na miezi saba. Hospitali ilikuwa mbali, gari halikuwepo, na lilipopatikana halikuwa na petroli. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Tulimzika nyuma ya nyumba ya serikali. Majirani zetu Wamasai walituletea maziwa wakakaa nasi siku nzima bila maneno mengi, na wiki ile ile nikaandika barua ya kuomba kuhamia mahali penye barabara na hospitali.

Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotegemea. Bwana mifugo mpya alikuwa anaingia Malambo Jumamosi na familia yake, kwa hiyo nyumba ilibidi iwe wazi siku hiyo. Mke wangu angepanda lori lililopeleka mahindi, likirudi. Nilikuwa na siku tano tu za kupata chumba katika mji ambao simjui mtu, na nyumba za watumishi zilikuwa zimejaa zote. Mke wangu alikuwa hali chakula mpaka umbembeleze. Sikutaka ashuke kwenye lori katika hali ile halafu nimwambie hatuna pa kulala.

Wenyeji watacheka wakisikia naiita Karatu mji mkubwa. Lakini mtu aliyetoka Malambo akiona maduka pande zote mbili za barabara, magari ya watalii yakipanda kwenda kreta, na watu wanaopishana bila kusalimiana, anajua amefika mjini na anashika mfuko wake vizuri.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja fundi baiskeli. Tulielewana kodi, akanionyesha choo na kamba ya kuanikia nguo. Akauliza kama nina familia. Nikasema nina mke, na tulikuwa na mtoto mmoja, amefariki mwezi uliopita. Akasema pole. Akaingia ndani kidogo, akatoka kuniambia amekumbuka kwamba chumba kile alishamwahidi mpwa wake.

Nikamwamini.

Nyumba ya pili, mwenyewe naye akakumbuka mtu aliyemwahidi chumba. Nyumba ya tatu mama mmoja alinipa kiti, nikajibu maswali yale yale, na nilipokwisha kuaga nikageuka njiani nikamwona amekitoa kile kiti nje, anakisugua kwa maji. Nilijinusa kwapa. Nilidhani ni dawa ya josho, maana kazi yetu hii ina harufu yake na mke wangu alikuwa akinitania kwamba hata kupe wananikimbia. Basi nikaenda kuoga kwa maji ya baridi, nikamaliza kipande changu cha mwisho cha sabuni, na sabuni yenyewe siku hizi ni ya kupanga foleni. Nikabadili shati. Mjinga mimi.

Alhamisi Margwe, mwenzangu wa ofisini, Mwiraqw wa hapa hapa, alifunga mlango akaniketisha.

"Bwana mdogo, kila unapobisha hodi unawaambia watu habari za msiba wako?"

Nikamwambia wameniuliza, nimejibu.

Akanieleza taratibu, bila kunicheka. Kwao, mama akifiwa na mtoto anayenyonya, yeye na baba wa mtoto wanakuwa katika metimani. Hawaingii nyumba ya mtu, hawashiki chombo cha mtu, hawasogelei ng'ombe wala mjamzito, mpaka muda wake upite, na muda huo unaweza kufika mwaka. Watu wanaogopa kifo kile kisihamie kwao. Siku hizi wengi ni Wakristo, alisema, na kanisani hawalizungumzi, lakini ikifika kwenye nyumba zao hawachezi. Wala hakuna atakayekuambia usoni.

"Na wewe ni bwana mifugo," akaongeza. "Wakijua, nani atakuletea ng'ombe wake umchome sindano? Nyamaza tu. Sema hamjajaliwa."

Nilikasirika. Nilitoka nikatembea mpaka mwisho wa maduka nikarudi. Nilikuwa nataka kumkasirikia mtu, na Margwe hakuwa na kosa.

Ijumaa nikafika kwa Mama Boay. Ni mjane, nyumba yake iko upande wa juu, ya matofali, ina chumba kimoja cha pembeni chenye dirisha na mlango wa kufuli. Bomba la maji haliko mbali. Nilipokiona nilimwona mke wangu amekaa mle ndani, amejifunika, anakunywa uji. Mama Boay akauliza kuhusu watoto.

"Hatujajaliwa, mama."

Nilitegemea ulimi utagoma. Haukugoma. Neno lilitoka kama jina langu.

Alinishika bega. "Mungu hajalala, mwanangu. Mlete huyo binti, tutamwombea." Akanipa kikombe cha maziwa ya mgando, nikanywa nikamaliza, nikamrudishia kikombe mkononi. Mkwe wake akapita na ndoo, mjamzito, tumbo limeshachomoza. Nikatazama chini. Sasa nilikuwa najua, Margwe alishanieleza. Nilijiambia mimi ni mtu niliyesoma na hizi ni imani tu, nikalipa kodi ya mwezi nikaondoka.

Jana lori lilifika saa kumi. Alishuka na fundo moja la nguo na sufuria yetu kubwa, nywele zimejaa vumbi la huko juu. Nilikuwa nimepanga kumwambia njiani. Kutoka pale lori linapoegesha mpaka kwa Mama Boay ni mwendo wa dakika ishirini, na dakika zote ishirini nilizungumza. Nilizungumza juu ya dirisha. Nilizungumza juu ya bomba. Nilimweleza mpaka bei ya viazi. Yeye alikuwa anaitikia "ee" tu, na mimi nikaona nimngoje apumzike kwanza, nitamwambia baada ya chakula.

Mwoga ana sababu nyingi.

Mama Boay alitoka kutupokea amenyoosha mikono yote miwili. "Karibu mwanangu, karibu nyumbani. Jina lako nani, tukuite?"

Mke wangu akajibu kama anavyojibu siku zote. "Mama Nakunda."

"Nakunda ni nani? Mtoto wa dada yako?"

"Ni mtoto wangu. Tumemlaza Malambo, mwezi uliopita."

Mikono ya Mama Boay ilishuka. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akanitazama mimi. "Lakini baba alisema hamjawahi kuzaa."

Mke wangu akageuka. Hakukasirika. Alinitazama kama anajaribu kukumbuka tulionana wapi.

Mama Boay alilia. Nataka niliandike hili ili nisije nikamgeuza mtu mbaya nitakapokuwa nataka wa kulaumu. Alilia akasema, "Pole sana, mwanangu. Pole. Lakini mkwe wangu ana miezi saba, nielewe." Aliingia ndani, akatoka na ile kodi, akaiweka juu ya jiwe, akarudi mbali ndipo nikasogea kuichukua. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Sasa tuko kwenye stoo ya ofisi. Margwe ametupa ufunguo. Tumetandika godoro katikati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe na madebe ya dawa, na kuna panya mmoja asiyeogopa watu. Leo asubuhi, mke wangu akijifunga kitenge kwenda kanisani, akauliza bila kunitazama:

"Uliwaambia wangapi?"

Nikasema mmoja tu. Kana kwamba hiyo ni nafuu.

"Basi umemzika mara mbili, baba Nakunda," akasema. "Na hii ya pili hukuniita."

Akaenda kanisani peke yake.

Ningeweza kumwambia nilifanya kwa ajili yake, ili apate paa na dirisha. Ni kweli. Nimekaa hapa tangu asubuhi nalirudia hilo, na kila nikilirudia kuna kitu kingine kinasimama nyuma yake, na nimeshachoka kukizunguka. Ijumaa, nilipotoka kwa Mama Boay, nilijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu Malambo kifua kilifunguka. Nilikuwa nimesema hatujajaliwa, na kwa nusu saa nikawa mtu ambaye hajafiwa. Nilishuka ile barabara nikipiga mluzi.

Nilipiga mluzi, shajara. Hilo sijamwambia, na sijui kama nitaweza.

Amerudi saa saba. Amekula ugali kidogo, bila kubembelezwa. Kanisani amekutana na mwanamke wa Singida ambaye mumewe ana chumba karibu na gereji. Hajui kama watatupokea au nao watakumbuka mpwa wao. Chumba hakina dirisha, ameambiwa.

Kesho kabla ya kazi tunakwenda kukiona. Nilisema nitatangulia mimi, yeye apumzike. Amekataa. Amesema twende wote, na wakiuliza habari za watoto atajibu yeye, na mimi nisimame hapo hapo nisikie.