Mkanda wa Injini Nyingine

Siku ya kwanza, Jumatatu 4/8

Nimeosha chujio la mazuti, yaani dizeli, mara mbili. Mikono inanuka. Sabuni haisaidii. Halafu nimepanga sanduku la vipuri: chujio, mipira ya maji ya radieta, fyuzi, waya, vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Mpira huo ndio dawa ya kila kitu porini. Kinachokosekana ni mkanda wa injini. Kesho nitanunua.

Siku ya ine tunaondoka na jeep kwenda shamba la Baba mukubwa kuchukua mahindi yake. Njia ya Mokambo kwanza, halafu unaingia porini na njia inakwisha kuwa njia.

Fomu ya shule iko juu ya kabati. Mimi nataka section ya mécanique, ufundi wa magari. Baba mukubwa anasema coupe et couture, kushona nguo. Yeye ni kaka mkubwa wa Baba, neno lake ni zito. Leo amekuja kunywa chai, ameniona na kopo la mazuti. "Ee Mademoiselle! Banamuke banashonaka. Wee, utashona radiateur?" Amecheka peke yake.

Baba amesema tu: "Tutaona mu njia."

Yaani safari hii ndiyo mtihani wangu. Hakuna aliyeniuliza kama niko tayari.

Siku ya mbili, 5/8

Lazima niandike hii kabla sijaanza kujidanganya.

Nimeenda kwa Papa Kalenga, anayeuza vipuri sokoni. Baba ananunua kwake tangu sijazaliwa. Kulikuwa na wanaume sita au saba, wote wanaongea. Nimesimama muda mrefu. Hatimaye ameniona, nimemwonyesha kwa kidole mikanda ukutani. "Mado! Courroie? Jeep ya mwaka gani? Lete carte rose." Nimempa karatasi ya gari. Amesoma, ameingia ndani, ametoka na mkanda.

Lakini karatasi inataja injini ya zamani. Ile ilikufa mwaka jana. Sasa tuna injini ya jeep nyingine, iliyopinduka. Hapa kwetu nusu ya magari yanatembea na moyo wa marehemu. Kila mtu anajua: useme kwanza injini gani, halafu uonyeshe karatasi. Najua. Nilikuwepo siku ilipoingizwa, nilishika taa.

Nilifungua mdomo. Mwanaume mmoja akauliza kama nimetumwa na mume wangu. Wote wakacheka. Nikafunga mdomo, nikachukua mkanda, nikaondoka.

Miaka kumi na tano na bado siwezi kusema sentensi moja mbele ya bantu.

Siku ya tatu, 6/8

Ningeweza kupima kwa kamba. Dakika tano tu. Nilichukua kamba, nikafungua boneti. Baba akatoka na kuuliza natafuta nini. Nikasema maji.

Jioni tumeita majina. Babu alifanya kazi kwenye treni, na aliwafundisha watoto wake: sanduku halifungwi mpaka kila kipuri kiitwe kwa jina, na aliyekipanga akiinue na kujibu. Ukijibu, kimekuwa chako. Kikikosa porini, ni wewe.

Baba anasoma kwenye kipande cha katoni.

"Chujio?"

"Iko."

"Fyuzi?"

"Iko."

"Courroie?"

Nimeinua. "Iko."

Niliitikia vizuri kabisa. Sauti haikutetemeka. Hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Siku ya ine, 7/8

Vumbi mpaka kwenye meno. Tairi moja imetoboka kabla ya saa nne. Nimeiziba mimi. Baada ya kuacha barabara, jani moja la springi ya nyuma limevunjika. Baba amekata mti mgumu, nami nimeufunga juu ya springi kwa vipande vya mpira, navuta kwa mguu na mikono yote. Umeshika.

Baba mukubwa amekaa kivulini akila karanga. Kila nikikaza ananipa ushauri. Hajawahi kushika clé, hata spana moja, maisha yake yote. "Pole pole, Mademoiselle, utavunja kucha." Nilitaka kumrushia clé ya kumi na saba.

Tumefika shambani. Mkanda wa zamani unapiga filimbi kila tukipanda kilima. Baba amesema haidhuru, mpya iko.

Siku ya tano, 8/8

Umekatika.

Tulikuwa tumepakia magunia kumi na nne. Kilima cha pili, mlio kama kofi, halafu mvuke. Baba alishuka ametulia kabisa. "Mado, leta courroie." Nikaileta. Aliweka kwenye puli ya kwanza, ya pili, akavuta kwenda ya tatu. Haifiki. Amelegeza dinamo mpaka mwisho. Haifiki. Amegeuza mkanda kama vile upande wa pili ungekuwa mrefu zaidi.

Akasema: "Kalenga. Kalenga amenipa kintu ya bongo." Uongo, alimaanisha. Baba mukubwa akasema soko lote ni wezi, na huyo Kalenga ndiye chifu wao.

Pale. Pale pale ndipo ningesema. Nilikuwa nimeshika tochi bure tu, mchana, naangalia viatu vyangu.

Baba amekata mpira wa ndani, ameusokota, ameufunga fundo. Tumekwenda kidogo, umeyeyuka. Wa pili haukuvuka hata bonde. Wa tatu ulikatika tukiwasha. Tumelala hapo hapo, juu ya magunia.  Nina hasira na mkanda, na Baba mukubwa, na wale wanaume wa sokoni. Wote hawana kosa. Isipokuwa labda yule wa mume.

Siku ya posho, Jumamosi 9/8

Nimeamka na jibu. Lilikuwa limekaa hapo tu.

Mkanda unazunguka puli tatu: ya injini, ya pampu ya maji, ya dinamo. Ni mfupi kwa tatu. Kwa mbili je? Pampu ya maji ni lazima, bila hiyo injini inachemka. Lakini injini hii ya mazuti ikishawaka haihitaji dinamo. Betri ina nguvu za kuwasha. Tutakosa taa tu. Mchana nani anataka taa?

Nimemwambia Baba. Hakusikia. Nimesema tena. Baba mukubwa alikuwa anaeleza jinsi ya kutuma mtu kwa miguu. Mara ya tatu Baba amegeuka: "Mado, sema na nguvu!"

Nimepiga kelele. Nimeeleza yote kwa kelele, kama mwenye kichaa, huku machozi yanatoka.

Baba ameangalia injini. Ameangalia mkanda. Tumeuingiza kwa bisibisi, nageuza puli kwa clé, anasukuma. Umekaa, umekaza. Tumefika nyumbani Lubumbashi jua halijazama, hatukuzima injini hata mara moja.

Baba mukubwa ameshuka kwake, mtaa wa Annexe, amenishika kichwa. "Basi. Huyu aende mu mécanique. Couture ingekufa na huzuni." Baba amecheka, mara ya kwanza tangu jana.

Nimeshinda mtihani. Sijala.

Siku ya Mungu, 10/8

Baada ya misa, Baba amesimulia safari kwa kila mtu pale mlangoni. Sehemu yangu ameisimulia vizuri, kwa mikono. Na kila mara anamaliza na Papa Kalenga mwizi. Watu wawili wamesema hawatanunua tena kwake.

Nilikuwa hapo. Nimekaa kimya na gauni la Jumapili.

Siku ya kwanza, 11/8

Baba amerudi sokoni akiwa na macho mekundu. Wamegombana mbele ya bantu. Miaka ishirini ya urafiki. Papa Kalenga ameapa kwa watoto wake kwamba alifuata karatasi.

Alifuata karatasi.

Nimemkuta Baba ananawa miguu uani. Nimesema. Yote: wanaume, kicheko, kamba, "iko". Nimesema chini ya sauti lakini amesikia kila neno, nimeona. Hakunipiga. Hakupaza sauti. Alimaliza kunawa, akamwaga maji, akaingia ndani. Mama aliuliza kuna nini. Nikaokota beseni.

Siku ya mbili, 12/8

Amenipeleka mpaka mwanzo wa soko. Kutoka hapo, peke yangu.

Wanaume walewale. Nimesema: "Papa Kalenga, kosa ni langu. Injini si ile ya karatasi. Nilijua, nikanyamaza." Masikio yalikuwa moto. Ameniangalia juu ya miwani. "Mutoto ya muntu, na hii sauti ya sisimizi, hata ungesema ile siku, ningesikia?" Wamecheka. Halafu akaacha kucheka. "Ambia baba yako akuje yeye mwenyewe. Minamungoja."

Baba amekwenda. Wamekaa muda mrefu. Sijui walisema nini.

Jioni amechukua fomu juu ya kabati. Ameandika mécanique, ametia sahihi. Hakunipa mkononi, ameiweka mezani. "Kusoma, utasoma. Mu njia hautapanda tena, mpaka mi mwenyewe nikuite."

Nimesema ndiyo, Baba.

Siku ya ine, 14/8

Ameondoka mapema kwenda Mokambo, pamoja na dereva mwingine wa mtaa wetu. Sanduku amelipanga peke yake.

Nimefagia pale jeep inapolala. Chini, upande wa gurudumu la nyuma, kuna unyevu. Si maji. Si mafuta ya injini, hayo ni meusi. Haya ni mepesi, yanateleza kwenye vidole. Mafuta ya breki.

Sipendi simu. Huwa namwachia Mama. Mama yuko sokoni.

Nimepiga. Ameitika na upepo nyuma yake. Nimesema kwa nguvu, mpaka jirani amechungulia: "Baba, simama! Breki inavuja, gurudumu ya nyuma!"

"Ya kushoto?"

"Ya kushoto."

 Halafu nimesikia gari linapunguza mwendo, linasimama, mlango unafunguka.

"Ngoja," amesema. "Usikate."

Sikukata.