Neno "asiguse"

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imenifika. Newala hatujambo. Maji bado tunayapigania, na babu yako amepona goti, sasa anagombana na mbuzi wa jirani.

Unauliza kama umwajiri fundi aliyesaini kwa mwajiri wake wa zamani kwamba hatafanya kazi hiyo kwingine kwa miaka miwili. Nami niliwahi kumtaka mtu wa namna hiyo, wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuingia huku, nami nikiwa mmoja wao. Mama Somoe alikuwa akipasua korosho chache tu, anakuambia gunia zima likoje. Tajiri wake, Baba Hamisi, alimsainisha kwamba akiacha kazi, "asiguse korosho" nje ya ghala lake kwa misimu miwili.

Sikumficha tajiri huyo. Tulikwenda ghalani pamoja, mchana kweupe.

"Baba Hamisi," Mama Somoe akasema, "na za shambani kwangu nani ataniokotea? Mkeo?"

Wapakiaji walicheka mpaka wakatua magunia. Baba Hamisi akalifuta neno lile, akaandika asiwashawishi wakulima wake wamhame. Hiyo ilikuwa haki yake, na Mama Somoe aliiheshimu. Lakini macho na vidole vilikuwa vyake mwenyewe, akavileta kwangu.

Isome karatasi ya fundi wako neno kwa neno. Siri za tajiri wake mwachieni. Ufundi ni wa fundi, na anayedai kuumiliki anatafuta mtumwa. Usimwajiri kwa kificho. Nendeni wote wawili, mkamwambie huyo tajiri wake usoni.

Bibi yako mdogo