Shangazi Hatupi Karata

Mpendwa mshauri, naomba uniokoe kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ikipita nadhani sitakuwa na mchumba. Mimi ni fundi friji, sinywi, sivuti, ila kila Jumapili mchana nacheza poka nyumbani kwa shangazi wa mchumba wangu, nesi mstaafu, ambaye ndiye aliyemlea na ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu ndoa yetu. Tunacheza kwa vizibo vya soda, kila kizibo ni sarafu ndogo, hakuna anayefilisika, lakini mchezo nimejifunzia kwenye simu, kwa video za watu wenye miwani myeusi, na wao wanasema ukiwa na kopa nne unasubiri ya tano, maana kopa tano ni mkono mkubwa lakini nne si kitu, usikae kinyonge, weka dau kubwa uwatishe wenzako watupe karata zao, uzoe vilivyo mezani hata kama kopa yako haijaja.

Basi mshauri, nikiwatisha hawatishiki. Mjomba wa mchumba wangu, ambaye naye hucheza nasi, anaendelea kwa sababu ana malkia na anampenda huyo malkia, na shangazi ndiyo kabisa, yeye anaona kutupa karata ni kususa, anasukuma vizibo vyake huku akisema, "Nalipa nione tu, mwanangu," halafu kopa haiji, inakuja shupaza, mimi sina kitu na yeye ana nne mbili, yaani jozi ya karata za nne, ambazo hata hakujua kama ni kitu mpaka mjomba alipomwambia. Jumapili iliyopita nikashindwa kuvumilia, nikamwambia mbele ya wote kwamba alitakiwa kutupa, kwamba hivyo sivyo watu wanavyocheza, akaniangalia huku anapanga vizibo vyangu kwenye sahani yake, akasema, "Haya, wewe unayejua."

Nikitaka kurekebisha nikaharibu zaidi, kwa sababu aliponiuliza kazi inaendaje nilisema nimeshafungua duka langu, lina mlango, lina kibao, wateja mpaka nje, wakati ukweli natengenezea friji barazani kwa mtu wa fotokopi, na chumba ninachokitaka kipo kweli, nimeshaongea na mwenye nyumba, ila ndani yumo mshona viatu ambaye kila nikimuuliza anahama lini anasema hivi karibuni huku anagonga kisigino. Nilidhani tutayaacha hapo. Shangazi akasema vizuri sana, Ijumaa anakuja kuliona. Mchumba wangu anajua duka halipo na tangu siku ile hajanisemesha. Je, nimwombe mshona viatu aniachie chumba kwa siku moja? Kibao nishaagiza.

Fundi Baridi

*

Fundi Baridi, pole. Nimecheka kwanza, huruma imekuja baadaye, na nadhani ndivyo ulivyostahili.

Tuanze na vizibo, maana naona bado vinakuuma. Hao wa kwenye video wanatishana kwa sababu wote wanajua kuogopa. Wewe unamtisha mwanamke aliyeshinda wodini maisha yake yote akifunua bandeji za watu waliomwambia wameshapona. Asiyetupa karata hatishwi, mdogo wangu. Ukiwa unasubiri kopa ya tano, nyamaza, lipa kidogo, na wakikuruhusu kuona karata inayofuata bure, ione bure. Wakitaka ulipe vingi kuliko vinavyokungoja mezani, weka karata chini na waambie hujasusa. Siku kopa ikija, hapo ndipo uweke dau nono, kwa uso uleule, kwa sababu shangazi atalipa aone. Tabia unayomgombezea ndiyo ingekujazia sahani. Unamkaripia mteja kwa kununua?

Sasa duka. Huoni kwamba umerudia kosa lilelile? Mshona viatu hajahama, huna kitu mkononi, na umeweka dau kubwa mbele ya mtu yuleyule anayelipa aone. Chumba cha kuazima ataingia, atavuta droo, atakuta visigino. Hicho kibao kakighairi leo, kisiandikwe.

Kilichoniudhi hasa ni mchumba wako. Yeye baraza analijua, mshona viatu anamjua, na alikubali kusubiri pamoja nawe bila kuomba mlango wala kibao. Ukamkalisha pale amsikilize mama yake mlezi akidanganywa, achague kukuumbua au kunyamaza. Alinyamaza, na bado hujajiuliza ilimgharimu nini. Hilo ni kosa kubwa, na ninakwambia kama dada.

Kwa hiyo Ijumaa usiingoje. Kesho nenda kwake kwanza, uombe radhi, usijieleze. Kisha nendeni wote wawili kwa shangazi, umwambie hivi: "Shangazi, duka sina. Nina baraza na ahadi ya chumba, na mezani nilikukosea adabu." Halafu mkaribishe Ijumaa hiyohiyo barazani. Mwekee kiti kivulini, aangalie friji ya mtu iliyokufa ikianza kunguruma mikononi mwako. Hiyo ndiyo karata yako ya kweli, na sijui kwa nini ulikuwa unaificha.

Jumapili rudi mezani. Akikushinda tena kwa nne mbili sema, "Hongera, shangazi," na ufanye mazoezi mbele ya kioo, maana najua hilo litakushinda kuliko yote. Na usithubutu tena kumfundisha kutupa karata. Kwa sasa karata mbovu kuliko zote mkononi mwake ni wewe.